Kulea ukiwa kwenye dozi: ratiba, mtu wa pili na afisa ustawi

Mama anapoanza methadoni, dawa ya kunywa ya kumtoa kwenye unga, yaani heroini, ukoo mzima husubiri kiapo. Anakalishwa sebuleni, mjomba yupo, shangazi yupo, anaambiwa aape mbele ya wanawe kwamba unga basi. Anaapa, analia, na anamaanisha kabisa. Siku kumi baadaye ameteleza mara moja. Juu ya arosto, yale maumivu ya mwili kukosa unga, sasa kuna aibu, nyumbani anapakwepa, na mtoto ameshajifunza kwamba neno la mama halina uzito.

Naomba familia ziache kuapisha. Mtoto wa mzazi aliyekuwa akitumia unga hulindwa na vitu viwili vinavyoonekana kwa macho: ratiba isiyoyumba, na mtu mzima wa pili anayejulikana kwa jina, anayeijua zamu yake kabla mambo hayajaharibika. Hata afisa ustawi wa jamii akibisha hodi, hayo ndiyo anayoyatafuta.

Methadoni ilianza kutolewa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, Temeke, Zanzibar, kisha mikoa mingine. Kwenye dirisha la kutolea dozi wanaume ndio wengi. Wanawake wanaotumia wapo, ila wengi hawaji kwa sababu mbili zinazohusu watoto moja kwa moja: hawana pa kumwacha mtoto, na wanaogopa kwamba wakijiandikisha watanyang'anywa. Kwa hiyo anayesema "aje kwanza atibiwe, habari ya mtoto baadaye" amegeuza mambo. Mtoto akishapata pa kukaa salama saa mbili tatu za asubuhi, mama anakuja.

Asubuhi ndiyo kila kitu

Methadoni hunywewa kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa kawaida mbele ya mtoa dawa. Unapewa kikombe, unakunywa, unaongea neno moja au mawili ili aone umemeza, unaondoka. Dozi iliyotulia hushika mwili karibu saa 24 na kidogo zaidi. Aliyezoea kunywa saa mbili asubuhi akifika kesho yake saa sita mchana, huenda ameshaanza kutoka machozi, kupiga miayo na kuumwa viungo. Mtu wa hali hiyo hana subira na mtoto anayemwaga uji.

Kwa hiyo panga siku ya mtoto kuizunguka saa ya dirisha. Nyumba nyingi huenda vizuri hivi: kuamka saa kumi na moja na nusu, chai au uji, mtoto wa shule anatoka kabla ya saa moja, mdogo anakabidhiwa kwa mtu wa pili, mama anapanda daladala, na saa nne awe amerudi. Saa nne iwe saa nne kweli, kila siku. Mtoto wa miaka mitatu hajui saa, lakini anajua kwamba mama hurudi bibi akiwa anachambua mchele. Mama akirudi hivyo wiki sita mfululizo, mtoto ataacha kulia mlangoni bila kubembelezwa na mtu.

Mtihani mkubwa upo njiani, kwenda na kurudi, maana maskani ya zamani, alikokuwa akitumia unga, hayajahama. Wiki za mwanzo asindikizwe, tena na mtu asiyemhubiria njia nzima. Nauli iwe ya kwenda na kurudi, basi. Fedha ya mboga apewe mwenye duka mkononi, ada na michango ilipwe shuleni moja kwa moja. Mpango huu aukubali mama mwenyewe, tena siku ambayo yuko vizuri. Ukifanywa kwa siri anauona ni dharau, na ana haki.

Dozi ya kuanzia huwa miligramu 15 hadi 30 kwa siku, kisha inapandishwa pole pole. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Haipandishwi haraka kwa sababu dawa hubaki mwilini na kurundikana: kiasi kilichovumilika Jumatatu kinaweza kumzidi Alhamisi. Wiki mbili za kwanza ndizo za hatari kuliko zote, hasa akiongezea unga, pombe au vidonge vya Valiumu juu yake. Wiki hizo mama asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga, na asiachwe peke yake na watoto usiku. Usimwambie kwamba ni adhabu, kwa sababu si adhabu. Ni usingizi wa dawa, na mtu aliyelala usingizi huo hasikii mtoto akikabwa na shuka.

Jambo moja linaangusha nyumba nyingi na halisemwi vya kutosha: dawa za kifua kikuu. Rifampisini huifanya methadoni iishe mwilini haraka. Mama aliyetulia miezi minane anaanza dawa za TB, na ndani ya wiki moja au mbili arosto imerudi ingawa dozi ni ileile. Ndugu wanasema amerudia tabia. Hajarudia, ila akiachwa hivyo atarudia. Efavirenzi na nevirapini kwenye dawa za VVU hufanya hivyohivyo, wakati mchanganyiko wenye dolutegraviri hausumbui methadoni. Dawa yoyote mpya ikiandikwa, itajwe dirishani siku hiyohiyo ili daktari aangalie dozi. Ikifika mwisho wa dawa za TB, itajwe tena, maana sasa dozi iliyokuwa imepandishwa itamzidi.

Na wale wanaosema "umebadilisha unga kwa unga" wajue wanachokiomba. Anayekatishwa methadoni mapema kwa kushinikizwa na ndugu hurudi kwenye kete za unga, na mwili wake umeshapoteza ustahimilivu. Kete ileile ya zamani inaweza kumuua. Kupunguza dozi ni kazi ya miezi mingi, hufanywa na daktari, na si kabla mtu hajatulia mwaka na zaidi.

Ujauzito, na siku ya tatu

Unga husimamisha hedhi kwa wanawake wengi, nao huamini hawashiki mimba tena. Wakitulia kwenye methadoni mzunguko hurudi, na mimba huingia kabla hawajajua. Uzazi wa mpango uzungumzwe wiki ya kwanza ya dozi.

Akiwa mjamzito asiache methadoni. Arosto ya ghafla inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati au kuharibu mimba. Miezi mitatu ya mwisho damu na maji mwilini huongezeka, kwa hiyo dozi iliyokuwa ikimtosha inaweza kupungua nguvu. Daktari anaweza kuipandisha au kuigawa mara mbili kwa siku. Dozi kupanda wakati huo si dalili kwamba mama anaharibikiwa, na ningependa kila mama mkwe alisikie hili.

Mtoto akizaliwa, huenda naye akapata arosto yake. Hapa kuna mtego wa tarehe. Kwa mama aliyekuwa akitumia unga, dalili kwa kawaida huanza ndani ya saa 24. Kwa aliye kwenye methadoni, huanza siku ya pili au ya tatu, wakati mwingine hata ya tano. Akijifungua salama anaruhusiwa baada ya siku moja, na mtoto dalili zinamwanza akiwa nyumbani: kilio chembamba cha juu, kutetemeka, chafya mfululizo, jasho, kunyonya kwa pupa bila kushiba, kuharisha. Jirani anasema chango. Dawa za mitishamba zinaletwa, mtoto anapewa, na anakaukiwa maji. Wakunga wajue kabla ya siku ya kujifungua, mama aombe kubaki wodini siku nne au tano, na ikishindikana mtoto arudishwe kuonwa siku ya tatu na ya tano. Akipatwa na degedege, akigoma kunyonya au akitapika kila kitu, ni hospitali usiku huohuo.

Kipo kipimo rahisi kilichoanzia hospitali ya watoto ya Yale, Marekani, ambacho bibi yeyote anaweza kukitumia. Maswali ni matatu: ananyonya vya kutosha? Analala walau saa nzima bila kukatishwa? Akilia, anatulia ndani ya dakika 10 akibembelezwa? Zikiwa ndiyo tatu, mara nyingi hahitaji dawa. Hapana moja ni ya kumwambia muuguzi. Kinachotuliza kuliko vyote ni mwili wa mama: chumba chenye mwanga mdogo, redio imezimwa, mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, amefungwa khanga mikono ikikutana kifuani huku nyonga na miguu vikiachwa vilegee. Anyonyeshwe kidogo kidogo mara nyingi. Wageni wa kumwona mzazi wasubiri wiki mbili, kila mmoja wao ni sauti mpya na mkono mpya.

Maziwa ya mama aliye kwenye methadoni ni salama. Dawa inayopita ni kidogo sana, na kunyonya humpunguzia mtoto arosto. Mama mwenye VVU anayemeza dawa zake vizuri ananyonyesha pia, kwa utaratibu wa kliniki yake. Kuachisha kuwe kwa hatua. Ila asijaribu mtu kumtuliza mtoto kwa methadoni yenyewe, hata tone, na unga usipite karibu na mdomo wake.

Chupa ya kubeba nyumbani

Wanaofikia kupewa dozi za nyumbani wanabeba kitu ambacho mtoto anakiona ni sharubati. Miligramu 10, pungufu ya dozi ya kuanzia ya wengi, zinaweza kumuua mtoto wa miaka miwili. Sanduku la chuma lenye kufuli, juu ya kabati, ufunguo ukivaliwa mwilini. Kikombe cha dozi kioshwe hapohapo na kisitumike kwa kitu kingine. Isihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji hata kwa safari ya siku moja. Watoto wengi hunywa vya watu wazima kwa sababu chupa ni ya kinywaji wanachokijua.

Mtoto akimeza, usimtapishe, usimpe maziwa ukidhani yanazima sumu, na usisubiri uone kama atalala. Mwanzoni anaweza kucheza kama kawaida. Pumzi hupungua baada ya saa kadhaa, na hatari hukaa siku nzima au zaidi. Nenda hospitali na chupa mkononi, sema neno methadoni wazi hata kama unaogopa utakachoulizwa, na usikubali kurudi naye mapema kwa sababu tu anaonekana mzima.

Afisa ustawi anapobisha hodi

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaja mtoto aliye chini ya mzazi asiyefaa kwa sababu ya ulevi au uhalifu kuwa miongoni mwa wanaohitaji ulinzi. Sheria hiyohiyo inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, isipokuwa mahakama ikiona kuishi nao kunamdhuru. Afisa anatembea kati ya mambo hayo mawili. Taarifa humfikia kupitia serikali ya mtaa, shule, zahanati, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au simu ya bure 116. Hawezi kuipuuza, na kuja kwake si hukumu.

Anachoangalia ni vitu vya mkono: mtoto amekula nini leo na nani alimpikia, analala wapi na nani, kadi ya kliniki ina chanjo za wiki 6, 10 na 14 na ile ya surua-rubela ya miezi 9, ana makovu au la, anakwenda shule siku ngapi kwa wiki, nani mwingine analala ndani ya nyumba hii. Atauliza mama akiumwa ghafla mtoto anabaki na nani. Jibu la "ndugu wapo" halimsaidii. Jibu la "anabaki kwa shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka msikitini, simu hii hapa, na mwenyewe anajua" linamfungulia njia ya kumwacha mtoto alipo.

Weka daftari la kawaida la kurasa 80. Kila siku mstari mmoja: tarehe, saa ya dozi, mtoto alikuwa na nani, shule ndiyo au hapana, jambo lolote lililotokea. Siku uliyoteleza iandikwe pia. Daftari lenye siku mbaya tatu na mpango uliofuatwa siku hizo tatu linaaminika kuliko lililo safi kupindukia, na afisa mzoefu ataona tofauti. Kliniki inaweza kutoa barua ya mahudhurio ukiruhusu mwenyewe. Iombe mapema, usingoje siku ya mahakama.

Makosa ninayoyaona yanaharibu zaidi ni mawili. La kwanza ni kumficha mtoto mkoani afisa akisikika anakuja. Hapo hata mama aliyekuwa akilea vizuri anaonekana ana la kuficha. La pili ni mama kukataa kila kitu: sijawahi, situmii, wananionea. Kusema "nilikuwa natumia, niko kwenye dozi tangu Machi, na hivi ndivyo ninavyofanya" kunamtoa afisa kwenye upelelezi na kumweka kwenye kupanga.

Ikibidi mtoto aondoke kwa muda, ombeni awekwe kwa ndugu kwanza. Makao ya watoto yanatakiwa kuwa njia ya mwisho. Ulizeni na muandikiwe: nani anakaa naye, mama anamwona siku zipi, nini kifanyike ili arudi, na lini mambo yataangaliwa upya. Kuondolewa kusiko na maneno hayo hugeuka kuwa miaka.

Kwa bibi uliyebaki na wajukuu

Bibi, najua umechoka. Umezika, umelipa dhamana, umeibiwa sufuria na simu, na sasa unaanza tena kupanga foleni ya chanjo ukiwa na presha na magoti. Hasira yako ina sababu. Ila kumzuia mama asimwone mwanawe kama adhabu kunamwumiza mtoto kwanza. Mwekee masharti ya hali: akija akiwa hana nguvu za kusimama, au anasinzia akiwa ameinama, leo haingii, kesho saa tisa anakaribishwa. Sema mbele ya mtoto "mama leo anaumwa, atakuja kesho". Neno teja lisitamkwe ndani ya nyumba yako. Mtoto akilisikia kwako, shuleni hatakuwa na pa kukimbilia.

Mtoto wa miaka mitatu au minne anatosheka na "mama ana ugonjwa, anakunywa dawa, hukuusababisha wewe". Wa saba au nane anajua mengi kuliko mnavyodhani. Mwangalie mtoto mama anapoingia: haangalii mfuko wa machungwa, anaangalia macho ya mama kwanza, kama vitone vyeusi vimekuwa kama ncha ya sindano, ndipo anaamua kumkimbilia au kusimama mlangoni. Huyo anahitaji kuambiwa waziwazi kwamba kumchunguza mama si kazi yake, na kwamba bibi ndiye anayeangalia. Wa miaka kumi na mbili aliyekwisha kuwa mama wa wadogo zake msimvue cheo hicho siku moja kama vile hakufanya kitu. Mshukuruni kwanza, kisha mpunguzieni: leo kufua, wiki ijayo kupika.

Mtoto kurudi kwa mama kuwe kwa ngazi. Kusianze kabla dozi haijatulia, yaani miezi miwili mitatu angalau. Kwanza muda wa saa mbili kwako, wewe ukiwepo, mama akimlisha na kumwogesha mwenyewe. Kisha mchana mzima. Kisha usiku mmoja kwa mama, katikati ya wiki, ili ionekane asubuhi ya shule inakwendaje. Kisha siku tatu. Kila ngazi idumu wiki tatu nne bila kuruka. Watoto wawili au watatu wasirudi siku moja. Wa kwanza awe yule anayelala vizuri na kula bila vita. Wiki ya pili tegemea vurugu: kukojoa kitandani, kugoma kula, kumtukana mama. Anapima kama mama ataondoka tena. Wengi hukata tamaa hapo na kumrudisha, na kipimo kinampa jibu alilokuwa akiliogopa.

Jioni ya kuteleza

Itatokea kwa wengi, kwa hiyo ipangwe. Mama anayehisi anaelekea maskani anampigia mtu wa pili kabla ya kwenda, kwa sentensi moja mliyokubaliana, mfano "njoo uwachukue". Mtu wa pili haulizi kwa nini na hagombezi kwenye simu, anakuja. Kesho yake dirishani mama anasema ukweli. Aliyekosa dozi siku tatu mfululizo au zaidi lazima amwone daktari kabla ya kunywa, kwa sababu dozi yake ya zamani sasa inaweza kumzidi.

Mtoto mkubwa naye afundishwe njia: mama akiwa haamki hata akiitwa na kutikiswa, midomo imebadilika rangi, au anakoroma kwa ajabu, anakimbilia mlango fulani na kusema "mama haamki". Mlango huo uwe umeshakubali, na mtoto awe ameutembea mchana mara mbili tatu.

Nyuma ya mlango likae begi. Ndani yake sare moja iliyofuliwa, nguo za ndani, shuka lenye harufu ya nyumbani, kadi ya kliniki, nakala ya cheti cha kuzaliwa, dawa za mtoto kama zipo, na karatasi yenye namba tatu za simu kwa maandishi makubwa. Chochote anacholala nacho, hata kama ni kipande cha khanga, kikatwe viwili na kimoja kikae humo. Kila muhula unapofunguliwa begi lifunguliwe pia, na viatu vipimwe mguuni.